Vidonge Mia Moja na Hamsini kwa Mwezi



Tangu lilipotolewa tangazo la mchango mwishoni mwa Misa ya Dominika, tumekuwa tukisimamishwa mlangoni mwa kanisa na kuulizwa: huyu frateri anaumwa nini hasa? Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa kunong'ona, na mama mmoja wa WAWATA alituuliza waziwazi kama ugonjwa wenyewe unaambukiza, maana yeye ndiye anayeosha vikombe. Hauambukizi, Mama. Tumeona vema tuwajibu wote hapa kwa pamoja. Mwenzetu ameyasoma haya kabla hayajachapishwa, akafuta aya mbili, na ameomba jina lake lisiandikwe. Sisi tunaoandika ni wanadarasa wenzake wa teolojia, na wawili kati yetu ni wahudumu wa chumba cha wagonjwa hapa seminarini.

Ugonjwa unaitwa miasthenia gravisi. Hauna jina la Kiswahili tunalolijua, na pengine hilo ni sehemu ya tatizo, kwa sababu kitu kisicho na jina nyumbani huitwa kwa majina ya vitu vingine. Waseminari wenzetu wanaotaabika na Kigiriki watautambua mara moja: mys ni msuli, astheneia ni udhaifu, na gravis ni Kilatini, yaani nzito. Neno la katikati si geni kwetu. Ndilo analolitumia Mtakatifu Paulo anapozungumzia udhaifu wake katika sura ya 12 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, na kitenzi cha shina hilohilo ndicho kilichomo katika sura ya 5 ya Waraka wa Yakobo, pale mgonjwa anapoagizwa awaite wazee wa Kanisa wampake mafuta. Mwalimu wetu wa Maandiko alipotuonyesha hilo, mwenzetu alicheka akasema angependelea kuwa na uhusiano na Agano Jipya kwa njia nyingine.

Mambo yanavyokwenda mwilini ni hivi. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ufanye kazi, hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na kemikali hiyo hupokelewa na vipokezi vilivyo juu ya msuli. Kwa mgonjwa huyu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hutengeneza kingamwili zinazovishambulia vipokezi hivyo. Amri inatolewa kama kawaida, lakini wa kuipokea wamebaki wachache. Asubuhi, baada ya mapumziko, hao wachache wanatosha. Kadiri msuli unavyotumika, nguvu inapungua, na jioni inakuwa haba. Akipumzika, inarudi. Akili haiguswi hata kidogo.

Kwa wengi huanzia machoni: kope hulegea, au mtu huona kila kitu ni viwili. Kisha hufuata kutafuna, kumeza, sauti, shingo, mikono. Hatari kubwa kuliko zote ni misuli ya kupumua. Daktari Mwingereza Thomas Willis alikwisha kuandika mwaka 1672 juu ya mwanamke aliyeongea vizuri asubuhi na kushindwa kutoa sauti baada ya maongezi marefu. Kwa hiyo ugonjwa si mpya, wala haukuletwa na chanjo, kama mtu mmoja alivyotuhakikishia kwenye kituo cha daladala.

Kwa mwenzetu tulioishi naye bweni moja, dalili zilikuja polepole. Kope la kushoto liliteremka wakati wa Masifu ya Jioni. Sauti yake ilianza kutokea puani kila alipofika katikati ya somo refu. Aya za kwanza zilisikika safi, za mwisho zilikuwa kama za mtu mwenye mafua makali. Bwaloni siku ya makande alikuwa anashika taya kwa mkono ili limsaidie kutafuna. Baadaye daktari alituambia kwamba ishara hiyo ya mkono tayani ni mojawapo ya zile wanazozisoma vitabuni. Huku kwetu ilisomwa kwa namna nyingi. Wapo waliosema ni usingizi, wapo waliosema amekata tamaa ya wito, na likizoni kijijini kwao ukoo ulikaa kikao kumjadili jirani mmoja ambaye hakuwa na kosa lolote.

Hospitalini nako haikuwa rahisi. Alipewa miwani. Alitibiwa taifodi mara mbili. Mahali pamoja walisema ni kiharusi kidogo, ingawa mtu wa kiharusi hapati nafuu kwa kulala nusu saa. Hatuyasemi haya kuwalaumu wahudumu wa afya. Mgonjwa alikuwa anafika kwao saa tatu asubuhi, baada ya kulala vizuri, akiwa mzima kabisa. Aliyeutambua ugonjwa alikuwa daktari kijana wa zamu ya jioni. Alimwomba mwenzetu atazame juu darini bila kupepesa, kope likashuka taratibu mbele ya macho yetu. Kisha akauliza kama tunaweza kupata barafu. Mmoja wetu alikwenda kwa muuza maji ya baridi nje ya geti, akarudi na kipande ndani ya mfuko wa nailoni. Kiliwekwa juu ya kope lililofumbwa kwa dakika mbili. Kope likainuka. Baridi huusaidia muungano wa mshipa na msuli kufanya kazi vizuri zaidi kwa muda mfupi, na kipimo hicho, ingawa peke yake hakitoi uamuzi wa mwisho, kinagharimu bei ya barafu. Vipimo vingine vilifuata katika hospitali ya rufaa: damu ya kutafuta kingamwili, na picha ya kifua ya kuangalia tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kwa sababu baadhi ya wagonjwa huwa na uvimbe katika tezi hiyo.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa kuwa ndiyo sababu ya mchango.

Kidonge chake kinaitwa piridostigmini. Wengi hukijua kwa jina la kibiashara la Mestinon. Hakiponyi. Kinachofanya ni kuzuia asetilikolini isivunjwe upesi, hivyo ile kidogo iliyopo inapata muda wa kuvifikia vipokezi vichache vilivyobaki. Huanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi au zaidi kidogo, na hudumu saa tatu mpaka sita. Ndiyo maana ratiba yake haifuati kengele yetu. Anameza kabla ya chakula ili aweze kutafuna, na kabla ya zamu ya kusoma. Kidonge cha kwanza alichokimeza tulikisubiri kama watu wanaosubiri ugali uive. Jioni ile alikula makande sahani nzima, akaomba nyongeza, na katika nyumba hii hakuna aliyewahi kuomba nyongeza ya makande.

Historia ya dawa hii ingestahili makala yake. Asili yake ni mbegu ya Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria ya leo. Waefiki waliitumia kama mwavi ulivyotumika Malawi na katika sehemu za kusini mwa nchi yetu: mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa, akitapika na kupona, hana hatia, akifa, basi alikuwa mchawi. Wamisionari wa Kiskoti walizipeleka mbegu Edinburgh, na mwaka 1855 Profesa Robert Christison akala kipande cha mbegu hiyo ili aone itamfanya nini, akaponea chupuchupu. Kutoka humo ikapatikana kemikali iitwayo fizostigmini. Mwaka 1934, katika hospitali ya St Alfege's huko Greenwich, London, daktari mwanamke aitwaye Mary Walker alizingatia kwamba wagonjwa wa miasthenia wanafanana na watu waliodhuriwa na sumu ya kurare, na kwa kuwa fizostigmini huipinga sumu hiyo, akamchoma mgonjwa wake sindano. Kope lililokuwa limeanguka likainuka, mikono ikapata nguvu, kisha baada ya saa chache hali ikarudi kama ilivyokuwa. Piridostigmini, inayodumu zaidi na kumezwa kwa kinywa, ilikuja miaka ya 1950. Tulipomsimulia habari hizi baba mkubwa wa mwenzetu, yule aliyeitisha kikao cha ukoo, alinyamaza kidogo akauliza: "Yaani mwavi ndio unaomwinua?" Tukamjibu ni ndugu yake mwavi, baba, kwa kipimo cha daktari.

Kipimo hicho ni jambo la kuzingatia. Vidonge vikizidi, msuli hulegea vilevile, pamoja na tumbo kusokota, kuharisha, mate na jasho jingi. Mgonjwa haongezi kidonge kwa sababu tu leo ana somo refu.

Ziko tiba nyingine, na tutazitaja kwa kifupi. Prednisoloni hutuliza kinga ya mwili. Ni ya bei ndogo na hupatikana karibu kila mahali, ila inataka uangalizi, kwa maana inaweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa, kuvimbisha uso, na mwanzoni hata kuuzidisha udhaifu kwa muda. Haiachwi ghafla. Azathioprini husaidia kupunguza kiasi cha prednisoloni, lakini inachukua miezi mingi kuonyesha kazi yake, na damu lazima ipimwe mara kwa mara. Upo upasuaji wa kuondoa tezi ya thaimasi. Utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa na kuchapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba unawasaidia wengi wenye kingamwili hizo hata kama hawana uvimbe. Mgonjwa anaposhindwa kupumua au kumeza, huo ni mgogoro wa dharura. Anahitaji chumba cha uangalizi maalumu, mashine ya kupumulia, na ama kusafishwa majimaji ya damu au kupewa imunoglobulini kwa njia ya mshipa. Tangu mwaka 2017 zimeidhinishwa pia Marekani dawa mpya za sindano, eculizumab na nyingine zilizofuata. Kwa bei zake, hata tukiuza seminari na ng'ombe wake hatutafika mwisho wa mwaka. Wapo marafiki wema wanaotutumia habari za dawa hizo kwenye simu karibu kila wiki. Tunawashukuru, lakini tungefurahi zaidi wangetutumia habari kwamba duka fulani la dawa limepokea piridostigmini.

Maana hapo ndipo ulipo ugumu wetu. Dawa iliyo mbali ni ile ya kale, iliyo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ambayo ingetosha kumfanya asimame altareni. Vidonge vitano kwa siku ni mia moja na hamsini kwa mwezi. Mwaka wa kwanza tulivitafuta kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea. Duka moja lina vidonge ishirini. Jingine linasema labda wiki ijayo. Dar es Salaam vipo, lakini lazima mtu aende akavilipie, avikabidhi kwa konda wa basi, nasi tukavipokee stendi saa sita usiku. Kuna mwezi vililetwa vikiwa vimehesabiwa ndani ya bahasha za karatasi, kama tulivyozoea na vidonge vingine, navyo vilikuwa vimelowa na kushikamana, kwa sababu dawa hii hunyonya unyevu wa hewa na inatakiwa ikae katika kopo lake la asili, limefungwa. Bima ya afya ilitusaidia sana kwenye vipimo, na tunasema asante. Ila kadi ya bima haiwezi kutoa kidonge ambacho hakipo rafuni.

Mwezi wa Aprili mvua zilikata barabara kwa siku sita. Mwenzetu alikuwa na vidonge kumi na moja. Alivigawa kwa hesabu: kimoja kabla ya chakula cha mchana, kimoja kabla ya kulala, na asubuhi alinyamaza. Siku ya nne hakuweza kumeza uji. Shingo haikuweza kubeba kichwa, akawa anakitegemeza kwa kiganja kama mtu mwenye mawazo. Tulimwomba ahesabu kwa sauti kwa pumzi moja, kama daktari alivyotufundisha: siku za kawaida hufika thelathini na kuendelea, siku ile aliishia kumi na mbili. Gari la seminari lilimpeleka kwa njia ya milimani, na alikaa siku tisa katika chumba cha uangalizi maalumu. Padre alimpa Mpako wa Wagonjwa usiku uleule. Baadhi ya waamini walioona wakaanza kulia wakidhani ndiyo mwisho, ingawa Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha kwamba sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Alirudi amekonda, na jambo la kwanza alilouliza ni kama basi limefika.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa fedha. Ilikuwa ni maneno ya Sista mfamasia wa hospitali ya jimbo. Tulikwenda kwake na malalamiko yetu, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Frateri, mimi sikatai kuagiza. Lakini nikiagiza makopo ishirini, nitamuuzia nani? Wewe unanunua moja. Mengine kumi na tisa yatamaliza muda wake hapa rafuni, na mkaguzi ataniuliza mimi." Akaongeza kwamba kule chumba cha upasuaji wanayo neostigmini ya sindano, ndugu wa karibu wa dawa yetu, kwa sababu wapasuaji wanaihitaji kila siku kuwaamsha misuli wagonjwa waliopewa dawa za usingizi na za kulegeza mwili. "Kitu chenye watu kinaagizwa," alisema. "Nileteeni watu."

Basi tukatafuta watu. Kwenye kliniki ya rufaa, mwenzetu alikuwa amekwisha kuonana na wengine wanne: mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani, msichana wa kidato cha pili, na mzee mmoja mstaafu wa reli. Tuliomba namba zao kwa ridhaa yao. Tukaandika tangazo fupi lisilo na jina la mtu, likasomwa katika parokia za dekania: kope zinazoanguka jioni, kuona viwili, sauti inayopotea katika maongezi, udhaifu unaopungua kwa kupumzika, mwenye dalili hizo aende hospitali akaombe kuonwa na daktari. Akina mama wa WAWATA walilichukua tangazo hilo na kulipeleka katika jumuiya ndogondogo kwa kasi ambayo sisi wanaume tusingeiweza. Watu wengi walikuja na macho ya kawaida ya uzee, na baadhi walikuja na shinikizo la damu ambalo hawakulijua, jambo ambalo nalo lilikuwa na faida yake. Wawili daktari alithibitisha. Mmoja wao, mama wa watoto watatu, alikuwa amekaa ndani miaka miwili akiamini amerogwa, kwa kuwa ugonjwa huu mara nyingi huwapata wanawake wakiwa bado vijana na wanaume wakishazeeka, na katika umri wake hakuna aliyefikiria maradhi ya misuli.

Sasa walikuwa saba, na vidonge vyao kwa mwezi vilizidi mia tisa. Sista alipoiona hesabu hiyo alichukua kalamu. Anaagiza kwa miezi mitatu mitatu, kwa pamoja, na kila mgonjwa anaacha akiba ya wiki mbili isiyoguswa. Mchango wenu unakwenda huko: siyo mfukoni mwa frateri, bali katika kununua akiba hiyo na kuwalipia wawili ambao hawana bima wala mtu. Hesabu ziko kwa mhasibu wa seminari, na mwamini yeyote anaweza kwenda kuziona.

Jambo jingine tulilolifanya ni kadi. Kila mmoja wa wale saba anabeba kadi ngumu yenye jina la ugonjwa, dawa anazotumia, na zile zinazoweza kumdhuru. Katika nchi yenye malaria hili ni la lazima, kwa sababu kwinini na klorokwini zinaweza kuuzidisha udhaifu hadi kuzuia pumzi. Zimo pia antibiotiki zinazotolewa kila siku, kama jentamaisini, siprofloksasini na azithromaisini, na baadhi ya dawa za moyo na shinikizo la damu. Mgonjwa asizikatae matibabu kwa kuogopa, ila aonyeshe kadi ili daktari achague. Kadi ya fundi cherehani imekwisha kufanya kazi mara moja, kwenye kituo kimoja cha afya, sindano ikiwa tayari imevutwa.

Fundi huyohuyo ndiye aliyeambiwa na mhubiri mmoja wa mikutano ya hadhara kwamba vidonge ni kukosa imani. Aliviacha siku tatu, na siku ya tatu hakuweza kumeza mate yake. Tumejadiliana sana juu ya hili darasani. Sura ya 38 ya Yoshua bin Sira inawaweka daktari, mchanganyaji wa dawa na sala ya mgonjwa katika ukurasa mmoja, wala haioni ushindani kati yao. Sisi tunaojiandaa kuhubiri tungependa kila mwenye kipaza sauti aisome kabla hajamgusa mgonjwa kichwani.

Swali linaloulizwa na waseminari wenzetu, hasa wadogo wa falsafa, ni tofauti: je, anaweza kupewa daraja? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilikuwa na kizuizi kwa wenye kasoro za mwili zinazowazuia kuhudumu altareni. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, haikukiendeleza kizuizi hicho. Kanuni ya 1041 inataja magonjwa ya akili, na kanuni ya 1029 inataka kwa ujumla sifa za mwili na za nafsi zinazoifaa daraja. Kwa hiyo uamuzi unabaki kwa Askofu na walezi, mtu kwa mtu. Kuna wanaosema kwamba wito ukiwa wa kweli Mungu atafungua njia, na waache mambo hapo. Sisi hatukuona kuwa hilo linatosha. Baba Gombera aliuliza swali lililo gumu zaidi katika kikao cha tathmini: "Akipangiwa parokia yenye vigango kumi na viwili, na dawa ikachelewa, nani atajua siku ya kwanza?" Hakuuliza kama anaweza. Aliuliza nani atajua. Darasa zima lilibaki na swali hilo kwa wiki kadhaa, na kazi ya akiba na kadi ndiyo jibu tulilompelekea kwa maandishi.

Kwa habari ya altare yenyewe, mambo mengi ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo haukatazi maji wala dawa. Kanuni ya 919 inasema hivyo waziwazi, na kwa wagonjwa inalegeza zaidi, kwa hiyo hata akitafuna kipande cha mkate pamoja na kidonge ili tumbo lisisokote, hajakosea. Hostia hupokea kipande kidogo. Misa ya alfajiri inamfaa kuliko ya jioni. Mbiu ya Pasaka hataiimba, kwani ni ndefu na ni ya usiku, na tuseme ukweli, hata kabla ya ugonjwa hakuwa tegemeo la kwaya. Mahubiri yake sasa ni ya dakika saba. Padre mlezi amependekeza wote tumuige.

Jibu la Baba Askofu limekuja mwezi uliopita. Atakwenda kwanza mwaka wa kichungaji katika parokia iliyo saa mbili kutoka hospitali ya jimbo, na suala la ushemasi litaangaliwa baada ya hapo. Paroko ameomba nakala ya kadi mbili, moja ya ofisini na moja ya gari. Katekista wa hapo amejifunza kipimo cha kuhesabu kwa pumzi moja, naye anakifanya pia kwa watoto wa Komunyo ya kwanza, ambao wamekigeuza kuwa mchezo. Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei ametuandikia akiuliza kama kopo la akiba linaweza kutunzwa sakristia, katika kabati la divai, ambako kuna kufuli. Tumemjibu kwa shukrani kwamba haiwezekani, kwa kuwa sakristia yao inavuja, na tumemwomba atafute kabati lingine kabla ya mvua za Novemba.